Pijo la Baba na Maua ya Mikumi

Mimi nikikasirika naongea sana, na wiki ile niliongea mpaka majirani wakafunga madirisha. Sababu ni kaka yangu Kondo. Alinipigia simu kutoka Mikumi, ambako ana duka la vifaa vya ujenzi, akaniambia amelipatia gari la baba, lile Pijo, mahali pazuri pa kupumzika. Nikamuuliza, linapumzika limefanya kazi gani ya kulichosha kuliko mimi. Akasema kuna hoteli pale Mikumi, meneja wake anaitwa Hildegarda, mama mmoja mstaarabu sana, anatafuta gari la zamani aliweke getini. Atatoa injini, atajaza udongo, atapanda maua. Watalii wakishuka wapige picha.

"Maua," nikasema. "Ndani ya Pijo la baba."

"Kwenye boneti na kwenye buti. Litapendeza, Ziada. Lile gari ni gonjwa, na wewe unajua ni gonjwa."

Kwamba ni gonjwa sikatai. Lakini hata mimi magoti yananiuma na sijasikia mtu akitaka kunipanda maua. Lile Pijo ndilo mguu wangu. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Kilosa, watu wakioa ni mimi, wakizika ni mimi, wakisoma maulidi ni mimi. Leo niko Chanzuru, kesho Msowero, na sufuria ninazopikia si za kubeba kwenye bodaboda. Zaidi ya hilo, ni gari la baba. Babu yetu alitoka Uzaramo kuja kufanya kazi kwenye genge la reli, baba akazaliwa hapa hapa, akaingia reli na yeye, na alipostaafu akanunua lile Pijo 504 la rangi ya maziwa. Alilipenda kupita kiasi. Sisi wanawe alitupenda pia, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupigwa msasa na kupakwa rangi upya.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa sailensi. Kama hujui mambo ya magari, sailensi ni ile ngurumo ya gari lililosimama huku injini inawaka na hujakanyaga mafuta. Gari zima likiwa hivyo linanguruma sawasawa. Pijo letu lilikuwa linavuta, linakata, linatetemeka, linataka kuzima, halafu linashtuka na kuvuta tena. Ukiwa barabarani huoni tabu. Ukisimama tu kumpisha mbuzi, homa inaanza, na sufuria zote huko nyuma zinagongana mpaka mbuzi mwenyewe anageuka kukutazama.

Baba akiwa hai halikuwa hivyo. Kila asubuhi akitoka msikitini aliliwasha, akaweka kikombe cha kahawa juu ya boneti, kimejaa hadi ukingoni, akasimama pembeni akila kashata yake taratibu. Halikumwaga hata tone. Wageni walikuwa wanaletwa kuona.

Basi Kondo, ambaye ni mkubwa wangu na anajua kunibana, akanikumbusha hilo hilo kwenye simu ile ile. Akasema, "Sikiliza. Jumamosi uje nalo hapa hotelini. Tutaliwasha, tutaweka kikombe kama cha baba. Kikisimama bila kumwaga, gari lako, sitaligusa tena maisha yangu. Kikimwaga, unaliacha pale pale getini na unarudi Kilosa na basi."

Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa hasira, na neno la hasira likishatoka halirudi kinywani. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka kwamba asubuhi ile ile gari lilikuwa limetetemeka mpaka kioo cha pembeni kikajigeuza chenyewe.

Nikamwita Jovin. Huyu ndiye fundi wetu, kijana wa Kihaya, mikono mizuri na mdomo mzuri zaidi. Jovin hakosei. Ukimsikiliza yeye, tangu aanze ufundi hajawahi kukosea hata mara moja, ni magari tu ndiyo yanamkosea adabu. Alikuja na boksi lake la spana, akafungua boneti, akainamisha kichwa kusikiliza, macho ameyafumba.

"Da Ziada," akasema, "hii ni plagi."

Akatoa plagi zote, akazipiga msasa zikang'aa, akazirudisha. Gari likawaka, likavuta, likakata. Akachomoa nyaya za plagi mmoja mmoja huku injini inanguruma. Kila alipochomoa mmoja, injini ikazidi kuugua. Akasema hiyo ni habari njema, maana yake kila silinda inafanya kazi yake, hakuna mvivu. Nikamwambia mimi habari njema ninayoitaka ni kikombe kisimame.

"Basi ni pointi," akasema. Akafungua distributa, kile kifaa kinachogawa umeme wa plagi, akasafisha pointi, akapima uwazi wake kwa kipande cha bati alichokitoa mfukoni. Gari likawaka, likavuta, likakata.

"Basi ni kabureta. Kabureta imekula uchafu." Hapo ndipo tulipogombana, kwa sababu aliifungua kabureta vipande vipande na kuiogesha petroli ndani ya bakuli langu la kukandia unga. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Alinisikiliza kwa heshima zote, akaendelea kuosha. Akapuliza vitundu vyote kwa mdomo, akafunga, gari likawaka. Likavuta, likakata, na sasa hata kikohozi kilikuwa kimeongezeka.

Siku ya pili Jovin akaja na ujanja. Akakaza skrubu ya sailensi mpaka injini ikanguruma kwa kasi, kuku wote wakakimbilia kwa jirani. Akapiga kelele ili nimsikie, "Unaona, limetulia." Nikaleta kikombe, nikajaza maji, nikakiweka juu ya boneti. Kile kikombe kilianza kutembea. Kilitoka upande wa dereva, kikavuka boneti yote, kikajitupa chini upande wa pili kikavunjika mkono.

Kufikia hapo habari zilikuwa zimeshaenea, na kila aliyepita alikuwa fundi. Mmoja akasema ni petroli ya kuchakachua. Mwingine akasema magari ya zamani hayapendi hewa ya mvua. Jirani yangu mmoja, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akasema kwa sauti ya chini kwamba ugonjwa huu umeanza baada ya mzee kuzikwa, na marehemu huenda kuna jambo hajaridhika. Nikamwambia marehemu angekuwa hajaridhika angenijia mimi mwenyewe, tulikuwa tunaelewana. Lakini lile neno liliniingia, kwa sababu ni kweli. Kabla ya msiba lilikuwa zima. Baada ya msiba likawa hivi.

Ijumaa nilikuwa nakanda unga wa chapati za shughuli ya watu pale uani, Jovin ameinama ndani ya boneti amenyamaza. Jovin akinyamaza ujue amefika mwisho. Injini inawaka, inavuta, inakata. Na mimi nikiwa nakanda, nikasikia kitu. Ndani ya ile ngurumo kulikuwa na sauti ndogo, fyuu, fyuu, ya hewa inayopita mahali isipotakiwa kupita. Naijua sauti hiyo. Sufuria ya pilau ikifunikwa vibaya inapiga hivyo hivyo, na mpishi yeyote anayejua kazi yake hawezi kuendelea na shughuli nyingine anapoisikia.

Nikainuka na unga mkononi, nikasogea kwenye injini. "Jovin, hii sauti inatoka wapi?"

"Sauti gani?"

"Hapa." Juu ya injini, pale mahali pa kumiminia oili, palikuwa na mfuniko wa plastiki wa kopo la siagi ya karanga, umezungushiwa kitambaa ili ukae. Nikaweka kiganja juu yake, nikakandamiza. Injini ikabadilisha mwendo. Nikaondoa kiganja, homa ikarudi. Nikakandamiza tena, ikatulia kidogo.

Sikuuliza ruhusa ya mtu. Nikauchomoa ule mfuniko na kitambaa chake cheusi, nikatengeneza donge kubwa la unga wa chapati, nikalishindilia pale kwenye tundu na kulizungushia pembeni kama tunavyoziba mdomo wa sufuria ya biriani. Pijo likashtuka, likashusha pumzi, likaanza kunguruma sawasawa. Sikuwa nimeisikia ngurumo ile tangu baba aondoke. Nilisimama na mikono ya unga, natabasamu peke yangu.

Jovin akaitazama injini, akanitazama mimi, akakuna kichwa. "Nilikuwa naelekea huko huko," akasema.

Akanieleza, na kwa kweli alieleza vizuri. Kuna mpira unaotoka kwenye bamba kubwa linalofunika injini kwa juu kwenda kwenye kabureta, injini inavuta pumzi yake yenyewe kupitia pale. Tundu la oili lisipozibwa sawasawa, inavuta hewa ya nje, hewa inazidi, petroli inapungua, na gari likisimama linakosa sailensi. Nikamwambia hongera kwa maelezo, sasa aniambie ni mjinga gani aliyefunika injini ya baba kwa mfuniko wa siagi ya karanga.

Jovin akaokota spana, akaifuta, akaifuta tena.

"Ni mimi," akasema. "Siku ya msiba. Nilikuta mfuniko haupo, na gari lilitakiwa lipeleke sufuria. Nikaweka ule kwa muda tu."

Kwa muda tu. Mwaka mzima ule mfuniko ulikuwa unamtazama, na yeye alipima kila kitu ndani ya gari isipokuwa kazi yake mwenyewe. Nilitaka kumtupia donge la unga lililobaki, lakini unga ni ghali, na kisha nikawa nawaza jambo jingine. Mfuniko wenyewe wa chuma ulikwenda wapi? Baba hakuwa mtu wa kupoteza vitu.

Tulipokuwa tunawaza, uani kukaanza kunukia. Donge langu lilikuwa linaiva. Lilivimba, likawa la kahawia, likapasuka katikati, na homa ikarudi na kutetemeka kwake kote. Jovin akajaribu mfuniko wa Toyota, haukuingia. Akajaribu mfuniko wa pikipiki ya jirani, ukatumbukia kidogo ndani na tulipata kazi ya kuutoa. Pijo kama lile Kilosa nzima liko moja tu, na kesho yake ilikuwa Jumamosi.

Hapo ndipo nilipokumbuka watani.

Siku ya maziko ya baba watani walifanya kazi yao kama inavyotakiwa. Sisi Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu, na Wasukuma siku hizi wako wengi huku kwetu na ng'ombe wao. Wakati Kondo, ambaye ndiye aliyemuuguza baba hospitali mpaka mwisho, amekaa kwenye jamvi hawezi hata kuinua kichwa, wale watani walikuwa wamelala barabarani mbele ya jeneza, wamevaa kanzu za marehemu, wanauliza nani atawachezea ngoma sasa kwa kuwa Mzaramo mvivu kuliko wote amekwenda kulala moja kwa moja. Walichukua viatu vyake, wakachukua na fimbo. Tukawakomboa kwa soda na jogoo, kama desturi, wakavirudisha. Lakini mmoja wao, mzee Ndaki wa kijiji cha Tindiga, rafiki mkubwa wa baba, alisimama juu ya bampa ya Pijo akatangaza mbele ya umati wote: "Nimechukua mfuniko wa injini ya hili gari. Halitahema vizuri mpaka mnikomboe."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alikuwa amesema kweli tupu, tena kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemwamini, kwa sababu mtani msibani hasemi kweli.

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakaza, nilikamata jogoo wangu mkubwa nikamfunga miguu, nikambeba Jovin na boksi lake la spana, tukashika njia kwenda Tindiga. Mzee Ndaki tulimkuta zizini amesimama katikati ya ng'ombe wake, mrefu vile vile, koti vile vile.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Nani amekufa, kwamba Wazaramo mmeamka asubuhi?"

"Hajafa mtu, mtani. Tunatafuta mwizi."

"Umefika. Mmechelewa tu." Akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitambaa safi. Akafungua. Mfuniko wa chuma wa Pijo, umepakwa mafuta ya ng'ombe, hauna hata alama ya kutu. "Nimeutunza kuliko alivyoutunza yeye."

Nikanyoosha mkono. Akauficha mfuniko nyuma ya mgongo wake.

"Mzee, tuna haraka, kuna shida," nikasema, nikamweleza yote, Kondo, kikombe, na maua. Alinisikiliza huku anatikisa kichwa, na aliposikia habari ya maua kwenye boneti akacheka mpaka ng'ombe wakasogea.

"Sasa kwa nini hukuurudisha?" nikamuuliza, na hasira zilikuwa zimeshapanda. "Mwaka mzima gari linaugua, na wewe uko hapa na dawa kwenye kitambaa."

"Kuurudisha bure?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Marehemu angenicheka. Kitu cha mtani hakirudi bure, kinakombolewa. Hata kwenye arobaini nilimwambia Kondo, mfuniko wenu ninao. Akaniambia nirudi nyumbani nikale michembe yangu ya viazi vikavu. Nikarudi, nikala. Nikasubiri."

Alikuwa na haki, na mtu mwenye haki anaudhi kuliko mwongo. Nikamkabidhi jogoo. Akampima uzito kwa mkono, akampapasa kifua, akaridhika. Kisha akasema jogoo huyo ni wa mfuniko. Bado kuna malipo ya kusubiri. Kwa kusubiri mwaka mzima anataka apelekwe Mikumi kiti cha mbele, vioo vikiwa chini, ili kila Msukuma aliye njiani aone anavyoendeshwa na Mzaramo.

"Na jogoo?"

"Na jogoo. Nikimwacha hapa vijana wangu watamla."

Ndivyo tulivyokwenda Mikumi. Mfuniko Jovin aliufunga pale pale zizini, ukaingia kwa mlio mdogo wa chuma, na yeye akawa mpole kuanzia hapo. Mzee Ndaki alikaa mbele na jogoo mapajani, mkono mmoja nje ya dirisha, akimsalimia kila mwenye fimbo na ng'ombe kwa Kisukuma kirefu ambacho sikukielewa ila neno moja tu, Mzaramo, na kila baada ya neno hilo wenye ng'ombe walicheka. Vumbi la barabara likaingia lote ndani kwa sababu ya vile vioo. Nilitafuna vumbi nikavumilia. Sikutaka kusimama hata mara moja kulijaribu. Niliogopa. Nasema ukweli, niliogopa kama mtoto, kwa sababu kama lingetetemeka sasa sikuwa na mfuniko mwingine wa kutafuta.

Hotelini tulikuta wameshajiandaa. Pale getini palikuwa na matofali manne yamepangwa tayari kupokea ekseli, na matoroli ya udongo mweusi, na miche ya maua imepangwa kivulini. Hildegarda alikuwa mama mnene mwenye miwani na utepe wa kupimia. Alitukaribisha vizuri, akatupa pole ya safari, na kabla sijazima gari alikuwa ameshapima upana wa buti.

"Marigoldi zitakaa huku nyuma," akasema kwa upole. "Na hapa mbele nitaweka zinazotambaa."

"Dada Hildegarda," nikamwambia, "utepe wako unakwaruza rangi."

Kondo alikuwa amesimama mbali kidogo, chini ya bango la hoteli, mikono nyuma. Tulisalimiana. Akamsalimia mzee Ndaki shikamoo, akapata marahaba na swali kama bado anauza saruji iliyochanganywa na unga wa muhogo. Hakucheka. Hakusogea karibu na gari. Nikasema moyoni, angalia mwanamume huyu alivyo na tamaa, hataki hata kuligusa, anangoja lifukiwe tu.

Mhudumu akaleta kikombe kidogo cha kahawa kwenye sahani. Nilimwambia ajaze, akajaza. Nikamwambia jaza bado. Kahawa ikainuka juu ya ukingo, ikawa inashikilia tu kwa neema ya Mungu. Jovin akakipokea pamoja na sahani yake kwa mikono miwili akakiweka juu ya boneti, akarudi nyuma kwa vidole vya miguu.

Nikaingia ndani, nikasema bismillahi, nikawasha.

Pijo likanguruma. Nilitazama kupitia kioo cha mbele. Kahawa ilikuwa inatetemeka juu yake kwa viduara vidogo vidogo, vinakuja katikati na kupotea, na ukingoni haikuvuka. Nikasubiri ile kukata. Nilikuwa nimeizoea mno, mwili mzima uliisubiri, mabega yameshapanda. Haikuja. Ikaja ngurumo, na ngurumo nyingine, zote sawa. Basi mzee Ndaki, ambaye hakuwa ameshuka kiti chake cha mbele, akajisogeza dirishani ili aone vizuri, mkono ukamlegea, na yule jogoo, ambaye kamba ya miguu ilikuwa imeshafunguka huko njiani, akaruka juu ya boneti.

Hildegarda aliweka mkono kifuani. Nadhani ni kwa matumaini.

Jogoo akatembea. Akakizunguka kikombe, akakitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Jovin alikuwa anasali Kihaya. Mimi sikuthubutu kushuka, nisije nikalitikisa gari. Jogoo akajinyoosha, akapiga mbawa, akawika juu ya injini inayowaka, wahudumu wote wakatoka jikoni kuona. Kahawa ikayumba, ikasogea ukingoni, ikarudi. Mzee Ndaki akanyoosha mkono wake mrefu kupitia dirishani akamrudisha jogoo mapajani.

Sahani ilikuwa kavu. Hildegarda mwenyewe ndiye aliyekwenda kuinama na kuipitishia kidole, akakitazama kidole, akavua miwani. "Kavu," akasema. Alikuwa mstaarabu kweli. Akaagiza miche irudishwe bustanini, na akamuuliza Jovin kama anafahamu gari jingine lolote lisilowaka.

Mimi nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima kutoka Tindiga, maneno ya kumwambia Kondo, kuhusu tamaa, kuhusu urithi, kuhusu watu wanaouza mifupa ya wazazi wao kwa watalii. Nikainua kichwa nianze, nikamwona amesogea. Alikuwa amesimama kwenye dirisha langu, mkono juu ya paa la gari, na uso umeloa.

"Wamelifanya nini?" akauliza.

"Mfuniko tu. Mzee Ndaki alikuwa nao."

Akatikisa kichwa polepole, kama hakusikia jibu. "Ziada, mimi ndiye niliyelala naye hospitali. Wewe ulikuwa unakuja mchana na chakula. Usiku nilikuwa mimi. Zile siku za mwisho alikuwa anavuta, anakata, nafikiri ndiyo basi, halafu anashtuka anavuta tena. Usiku mzima. Tukamzika, nikasema sasa amepumzika. Nafika nyumbani, wewe unawasha gari." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Kila nikija Kilosa unawasha gari."

Wiki nzima nilimwita mwenye tamaa. Nilimwita hivyo kwa majirani, kwa mashangazi, na kwa Jovin aliyekuwa amesimama pale pale anakunja utepe usio wake. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Ungeniambia, kaka," nikasema.

"Ningekuambia nini? Kwamba namsikia baba ndani ya Pijo? Ungenipeleka kwa mganga."

Mzee Ndaki, ambaye mdomo wake hauna likizo, alikuwa anatazama mbele tu, anamfunga jogoo wake kamba upya. Kondo akafungua mlango wa nyuma, akaondoa sufuria moja, akaingia, akakaa. Hakuwa amekaa ndani ya gari lile tangu siku ya maziko. Akaegemeza kichwa, akafumba macho. Injini inanguruma, sawasawa, haikati.

Tulikuwa na safari ya kurudi, petroli yenyewe ilikuwa imebaki kidogo, na kituo kiko mbali. Nikapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Usizime," akasema Kondo.

Nikaurudisha mkono mapajani, nikamwacha kaka yangu asikilize.